Namna ya kupima mchezaji ambaye timu haiwezi kumkosa

Agosti 2021 Simba iliondokewa na watu wawili kwa mpigo. Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco, Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. John Bocco, mfungaji bora wa ligi ya msimu uliokuwa umeisha kwa mabao 16, alibaki. Chris Mugalu, aliyemfuata kwa mabao 15, naye alibaki. Kwa mtu anayehesabu mabao tu, Simba haikuwa imepoteza kitu cha kutisha. Msimu uliofuata mabao yakakauka, na ubingwa waliokuwa wameuchukua mara 4 mfululizo ukaenda Yanga, ambayo haikufungwa mechi hata moja ya ligi.

Mabishano ya "huyu akiumia tumekwisha" huharibika kwa sababu watu wanajibu swali jingine. Wanaulizwa nani timu haiwezi kumkosa, wanajibu nani bora. Mchezaji bora wa kikosi anaweza kuwa na mtu benchi anayemkaribia, na yule wa saba kwa ubora akawa hana mtu kabisa nyuma yake. Kinachopimwa hapa ni pengo: tofauti kati yake na anayeingia badala yake, ukijumlisha uharibifu unaotokea sehemu nyingine za uwanja pale kocha anapojaribu kuliziba.

Anakosekana kwa muda gani?

Hili likubaliwe kabla jina lolote halijatajwa. Kukosekana kuko kwa aina nne, na kila aina ina jibu lake.

Mechi moja, kwa kadi. Hapa kocha anaweza kubadili mpango mzima, akakaa nyuma, akatafuta sare. Pengo huwa dogo kuliko watu wanavyohofia, isipokuwa mechi yenyewe iwe ya mtoano.

Wiki 4 hadi 6, kama jeraha la msuli wa nyuma ya paja. Hii ndiyo hali inayofichua benchi, kwa sababu ni ndefu kiasi kwamba huwezi kujificha na fupi kiasi kwamba huwezi kusajili.

Msimu mzima, kama kuchanika kwa kano ya mbele ya goti. Dirisha la usajili litafunguka katikati, kwa hiyo hesabu pengo hadi siku hiyo, kisha hesabu upya.

Kuuzwa. Huu ni mjadala tofauti kwa sababu pesa inaingia. Januari 2018 Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona, na mwezi huohuo Virgil van Dijk akaanza kuichezea akitokea Southampton. Msimu huo walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mwaka 2019 wakaitwaa. Anayesema "Coutinho hauziki" alikuwa na haki ya kuuliza "pesa itanunua nani?", na hapo jibu lilikuwepo.

Hesabu mechi, usihesabu wiki. Djigui Diarra alipokuwa na Mali kwenye AFCON ya Januari na Februari 2024 kule Ivory Coast, mtu wa Yanga alipaswa kufungua kalenda kabla ya kulia. Januari kwetu ni mwezi wa Kombe la Mapinduzi, na ratiba ya ligi hupungua. Kipa huyohuyo akiumia Aprili, wakati ligi inakimbia na mashindano ya CAF yako robo fainali, idadi ileile ya wiki inakula mechi nyingi zaidi na zilizo nzito zaidi.

Andika kikosi bila yeye

Hii ndiyo hatua inayofaa kupewa muda kuliko zote. Yeyote anayetaja jina aandike wachezaji 11 watakaoanza bila mtu huyo, kwa majina, kwenye mfumo ambao timu inautumia kweli. Marufuku kuandika "ataingia kijana". Kijana gani? Anacheza mguu gani? Amecheza dakika ngapi msimu huu?

Ukishaandika, fuata mnyororo. Kila aliyehamishwa kutoka nafasi yake ameacha shimo jingine, na shimo hilo nalo lina mtu wake. Hesabu nafasi zilizoguswa. Ikiwa ni moja tu, mtu ametoka na mtu ameingia, pengo ni la mtu mmoja. Zikiwa tatu, umempata mgombea wa kweli.

Mfano unaofundisha hili vizuri kuliko wote ni Liverpool ya 2020/21. Van Dijk aliumia goti Oktoba 17, 2020 kwenye sare ya 2-2 na Everton. Novemba Joe Gomez akaumia akiwa mazoezini na England. Joel Matip naye akamaliza msimu mapema. Jürgen Klopp akamshusha Fabinho, kiungo mkabaji, kuwa beki wa kati, na baadaye Jordan Henderson pia. Ukiandika kikosi hicho kwenye karatasi unaona tatizo mara moja. Nyuma kuna watu wawili wenye akili ya mpira lakini ambao hiyo si nafasi yao, na katikati wameondoka haohao waliokuwa wanaukata mpira kabla haujafika nyuma. Mabeki wa pembeni, Trent Alexander-Arnold na Andy Robertson, waliozoea kupanda kwa sababu Van Dijk anafunika nafasi kubwa, wakawa wanapanda kwa kusitasita. Krosi zikapungua ubora, mbele kukapooza. Kati ya Januari na Machi 2021 Liverpool ilifungwa mechi 6 mfululizo za ligi pale Anfield, dhidi ya Burnley, Brighton, Manchester City, Everton, Chelsea na Fulham, na katika hizo 6 ilifunga bao 1 tu. Beki kaumia, ukame uko kwa washambuliaji.

Angalia pia namna walivyopona. Mwisho wa msimu Klopp alimrudisha Fabinho kiungo na kuwaachia nyuma Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao kwa ubora hawakuwa karibu na Fabinho. Timu ikapanda hadi nafasi ya 3 kwa pointi 69. Beki wa kati dhaifu kidogo aliye kwenye nafasi yake alikuwa na gharama ndogo kuliko kiungo bora aliyehamishwa. Ukiwa unaandika kikosi chako cha majaribio, andika viwili: kimoja cha kuhamisha watu, kingine cha kuingiza mbadala halisi hata kama hana jina. Mara nyingi cha pili ndicho chenye pengo dogo, na ubishi wenyewe unapungua nusu.

Kwa ligi yetu ongeza sharti la kanuni ya wageni, ile inayoweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Kama anayekosekana ni mzawa na mbadala wake ni mgeni, huenda ukalazimika kumtoa mgeni mwingine ili hesabu ikae. Ndiyo maana mzawa mmoja anayeaminika, beki wa pembeni au kiungo, huwa na thamani kuliko takwimu zake zinavyoonyesha.

Pointi akiwepo, pointi asipokuwepo

Chukua mechi zote za ligi za misimu miwili. Zigawe mafungu mawili: alizoanza, na ambazo hakuanza. Jumlisha pointi za kila fungu, gawanya kwa idadi ya mechi. Timu yenye wastani wa pointi 2.2 akiwepo na 1.5 asipokuwepo ina tofauti ya 0.7. Kama atakosa mechi 8, makadirio ni pointi 5.6. Fanya vivyo hivyo kwa mabao ya kufunga na ya kufungwa, kila moja kivyake, maana yatakuambia pengo liko upande gani wa uwanja.

Hesabu hii ni rahisi na inadanganya kwa urahisi uleule. Fungu la "hakuanza" huwa na mechi chache. Zikiwa 5, bao moja la dakika ya 90 linalogeuza sare kuwa ushindi linasogeza wastani kwa 0.4, yaani zaidi ya nusu ya ile tofauti ya 0.7 unayoitetea kwa sauti kubwa. Chini ya mechi 6, itumie kama dokezo tu. Kuanzia 10 unaweza kuanza kuiegemea.

Kisha kagua wapinzani. Manchester City ya 2023/24 ilifungwa mechi 3 tu za ligi, na Rodri, kiungo wake mkabaji, hakucheza hata moja kati ya hizo. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini zote tatu zilikuwa ugenini, kwa Wolves, Arsenal na Aston Villa, na wawili kati ya hao walimaliza nafasi ya 2 na ya 4. City yoyote ingeweza kuteseka kwenye viwanja hivyo. Njia ya kusafisha hesabu ni kuilinganisha kila mechi aliyokosa na mechi dhidi ya mpinzani yuleyule, uwanja uleule, aliyocheza, hata kama ni ya msimu uliopita. Ukipata jozi 6 au 7 una kitu cha kuweka mezani.

Kwa Rodri jibu lilikuja baadaye. Aliumia goti Septemba 22, 2024 dhidi ya Arsenal, na City iliyokuwa imechukua ubingwa kwa pointi 91 ikamaliza ya 3 kwa pointi 71. Hata hapo usimpe pointi zote 20. Julián Álvarez alikuwa ameuzwa kiangazi, na Kevin De Bruyne, Rúben Dias na John Stones nao walikosa mechi kwa majeraha. Nusu ya tofauti kumhusu yeye ni dai linaloweza kutetewa, tofauti yote ni ushabiki.

Mfungaji hapimwi kwa mabao yake yote

Kosa linalojirudia zaidi ni kusema: "Amefunga 17, tukimpoteza tunapoteza mabao 17." Nafasi yake haitabaki tupu. Atakayeingia atafunga kadhaa, na wengine watapewa mipira aliyokuwa anapewa yeye.

Tumia mabao kwa kila dakika 90. Tuseme namba 9 wako ana mabao 17 kwa dakika 2,400. Gawanya dakika kwa 90, unapata 26.7, na 17 kwa 26.7 ni 0.64. Mbadala wake ana mabao 5 kwa dakika 900, ambayo ni 0.5. Tofauti ni 0.14 kwa mechi, na kwa mechi 10 ni bao 1 na nusu hivi. Anayeingia dakika ya 70 hukuta mabeki wamechoka, kwa hiyo kiwango chake kipunguze kidogo. Hata ukikishusha hadi 0.4, pengo la mechi 10 ni mabao 2 na nusu. Bao moja likitawanywa kwenye msimu huwa na thamani ya chini kidogo ya pointi 1, hivyo unazungumzia pointi mbili hivi. Si haba, lakini haifanani na kilio cha mabao 17.

Toa penalti kabla ya kuanza. Penalti hufungwa takribani 3 kati ya 4 na mpigaji yeyote wa kawaida, na timu itaendelea kuzipata. Mtu mwenye mabao 14 ambayo 6 ni ya penalti ana mabao 8 ya kujadiliwa.

Yanga ilipitia jambo hili mwaka 2023. Fiston Mayele, mfungaji bora wa 2022/23 kwa mabao 17 sambamba na Saidi Ntibazonkiza, alikwenda Pyramids. Feisal Salum akaenda Azam. Hakuna namba 9 aliyesajiliwa aliyefikia kiwango cha Mayele, na bado Yanga ikatetea ubingwa. Mabao yalitoka nyuma ya mshambuliaji: Stephane Aziz Ki peke yake alifunga 21, na Maxi Nzengeli na Pacôme Zouzoua wakawa wanaingia kwenye boksi kwa zamu. Pengo la mfungaji lilizibwa na viungo. Linganisha na Simba ya 2021, ambako wafungaji walibaki na wapishi wa mabao, Chama na Miquissone, wakaondoka, na hapakuwa na wa kupika. Leicester ilipita njia hiyohiyo: kiungo mkabaji N'Golo Kanté alipouzwa kwa Chelsea mwaka 2016, Jamie Vardy na Riyad Mahrez walibaki, na timu ikaporomoka kutoka ubingwa wa pointi 81 hadi nafasi ya 12 kwa pointi 44. Mabao ya Vardy yalishuka kutoka 24 hadi 13, ya Mahrez kutoka 17 hadi 6.

Kwa hiyo ukiwa na kura moja, na hujui timu vizuri, ielekeze kwa anayelisha au anayekaba katikati kabla ya anayemalizia.

Dakika 15 za kumtazama yeye tu

Namba hazimwoni kiungo mkabaji vizuri. Kazi yake kubwa ni kusimama mahali ambapo mpinzani anaamua kutopiga pasi, na pasi isiyopigwa haiandikwi popote. Inabidi umtazame.

Chagua dakika 15 za kipindi cha kwanza, wakati timu yake inamiliki mpira, na usimwondolee macho hata mpira ukiwa mbali. Beki wa kushoto akipanda, mkabaji anasogea wapi? Mzuri anaanza kuteleza kuelekea kushoto kabla ya krosi kupigwa, hatua tano sita, na anageuza shingo kumtafuta winga wa mpinzani aliyebaki juu. Wa kawaida anatazama krosi kama sisi. Krosi ikizuiwa na mpira ukaruka nje ya boksi, mzuri yuko pale unapodondoka na shambulizi linaanza upya. Wa kawaida anakimbia kurudi nyuma. Weka alama mbili kwenye karatasi: mipira ya pili aliyoikuta, yaani ile inayodondoka baada ya kuzuiwa, na mara alizopokea mpira akiwa na mtu mgongoni akageuka nao mbele. Kisha fanya hivyohivyo kwa mbadala wake, dakika 15, mechi nyingine. Alama zikikaribiana, pengo ni dogo hata kama jina ni kubwa.

Mechi ya televisheni ina kasoro: kamera hufuata mpira na mkabaji hutoka kwenye picha. Uwanjani kaa juu, usawa wa katikati. Siti za nyuma ya goli hazifai kwa kazi hii.

Nafasi zinazopotosha hesabu

Kipa. Kipa namba mbili hana dakika, kwa hiyo hakuna takwimu, na kila mtu anajaza pengo hilo kwa hofu. Tazama mambo mawili tu kwenye mechi za kombe anazopangwa: anatoka kwenye krosi au anabaki kwenye mstari, na akikabwa anapiga pasi au anabutua. Timu inayoanzisha mashambulizi kutoka kwa kipa, kama Yanga ya Diarra, inapoteza zaidi kwenye hilo la pili kuliko kwenye kudaka.

Mwenye mguu wa kushoto upande wa kushoto. Beki wa kati wa kushoto anayetumia kulia hulazimika kuurudisha mpira ndani ili apige pasi, na hapo presha inamkuta. Kama kikosi kina mmoja tu wa kushoto, mpandishe daraja kwenye orodha yako.

Mpigaji wa mipira iliyokufa. Hesabu mabao ya timu yaliyotokana na kona na faulo zake. Kama ni zaidi ya moja kati ya matano na hakuna wa pili anayepiga, mwandike.

Mwenye kasi nyuma kwenye timu inayokaba juu, mabeki wakisimama mbali na goli lao. Tottenham ilimuuza Harry Kane Agosti 2023, mtu wa mabao 30 ya ligi msimu uliotangulia, na ikaanza na pointi 26 katika mechi 10. Novemba 6 ilifungwa 4-1 na Chelsea, Cristian Romero na Destiny Udogie wakatolewa kwa kadi nyekundu, Micky van de Ven na James Maddison wakaumia. Katika mechi 4 zilizofuata ikapata pointi 1. Kocha Ange Postecoglou alishikilia mstari wa juu uleule kwa mabeki wasio na mbio za Van de Ven. Timu iliyoweza kuishi bila Kane ilishindwa kuishi bila beki aliyekuwa na miezi mitatu klabuni.

Kuendesha ubishi wenyewe

Watu 5 hadi 8 wanatosha. Kila mmoja aandike majina 3 kimyakimya kabla ya yeyote kusema, maana anayeanza kuongea huvuta wengine. Jina la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Andika na muda mliokubaliana, kwa mfano "mechi 6, kuanzia Februari". Jumlisha, chukua majina manne ya juu, kisha kila mtetezi apewe dakika 3 na alete vitu vitatu: kikosi bila mtu wake, nafasi zilizoguswa, na tofauti ya pointi au mabao ikiwa na idadi ya mechi ilikotoka. Mpingaji ana haki ya kuuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini yule wa benchi hatoshi?" Baada ya hapo pigeni kura upya. Kura ya pili ndiyo ya kuhifadhi.

Hoja tatu zikataliwe mlangoni: bei aliyonunuliwa, bao alilofunga kwenye dabi, na "timu itakosa morali". Morali ipo, lakini hakuna aliyeweza kuipima hapo kijiweni, na kila upande unaweza kuidai.

Mtu akileta mfano wa timu iliyoporomoka baada ya mchezaji kuondoka, mwulize kocha alikuwa nani na nani wengine waliondoka. Yanga ya 2023 ilibadili kocha pia, Nasreddine Nabi akatoka na Miguel Gamondi akaingia. Simba iliachana na Didier Gomes Oktoba 2021, na Chama aliporudi Januari 2022 ubingwa haukurudi naye. Hilo la mwisho mtetezi wa Miquissone analo la kusema, na mtetezi wa Chama atajibu kwamba alirudi amekuta msimu umefika katikati na pointi zimeshakwenda.